Begi la CD Lililokwenda Mlali

Sijui wenzangu mnazimaje kompyuta. Mimi nafunga dirisha moja baada ya jingine, nahifadhi hata kisichohitaji kuhifadhiwa, nabonyeza pale pa kuzimia, kisha nakaa nikiitazama mpaka taa yake ndogo izimike. Hapo ndipo nanyanyuka. Nikifika mlangoni narudi kuhakikisha. Katika ofisi ninayojitolea, huku nikisubiri ajira ambayo nimeiandikia barua mpaka nimechoka kuona jina langu mwenyewe, wameshanizoea. "Zai anaaga mgonjwa," wanasema, wanabeba mikoba yao na kuniacha.

Hivi karibuni kompyuta ya dada wa mapokezi iliganda. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile, akachoka. "Zai, wewe si uko hapo karibu na ukuta? Zima tu swichi hapo." Niliinama chini ya meza. Kidole changu kilifika kwenye swichi kikakataa. Nyuma ya ile mashine kulikuwa kunatoka hewa ya moto yenye harufu ya vumbi lililopashwa, vumbi lile jekundu la kwetu Morogoro ambalo huingia kila mahali hata ufunge vipi. Nikabaki nimechuchumaa pale kama mtu aliyedondosha hereni. Nilikuwa darasa la tatu tena, nimevaa sketi ya shule, nimesimama nyuma ya kiti cha Baba.

Baba alikuwa na duka la steshenari karibu na soko, chumba kimoja chenye mlango wa bati na kaunta ya mbao. Alichapa barua za watu na mitihani ya shule, akatoa fotokopi, akapiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu lililopigiliwa misumari ukutani. Kompyuta yake ilikuwa nyeupe zamani. Mimi niliikuta imeshageuka rangi ya chai ya maziwa, na kioo chake kilikuwa na mgongo mkubwa kama televisheni. Ukisimama mlangoni uliiona milima ya Uluguru yote, na Baba aliitumia milima ile kama wengine wanavyotumia redio. Mawingu yakishuka mpaka katikati ya mlima aliniambia, "Zai, milima imejifunika, umeme hauko mbali kuondoka," na vidole vyake vikaanza kukimbia ili ahifadhi kazi ya watu kabla giza halijaingia kwenye kioo.

Alinifundisha sheria moja tu. "Kompyuta huagwa kwanza," alisema. "Hufungi mlango ukamwacha mgeni katikati ya sentensi. Unaiambia tunaondoka, inakusanya vitu vyake, halafu inalala yenyewe. Ukiizima ukutani unaikata maneno mdomoni. Inaumia."

Siku ninayoikumbuka alikuwa ameniahidi kwamba tutarudi nyumbani mapema. Mama alikuwa amepika wali wa nazi, na mimi nilikuwa nimepata alama nzuri za hesabu, daftari nimelikunja mkononi nikitaka Mama alione Baba akiwepo. Nilisimama nyuma ya kiti. "Baba, twende." Akasema dakika moja. Nikahesabu mpaka sitini. "Baba, twende." Dakika moja, mama. Nikahesabu tena, mara hii polepole, nikimwonea huruma. Aliposema dakika moja kwa mara ya tatu niliinama nikazima swichi ya ukutani.

Feni ya mashine ilishusha pumzi ndefu, ikanyamaza. Baba hakugeuka. Aliangalia kioo cheusi, na ndani ya kile kioo nikauona uso wake, na wangu nyuma ya bega lake, mdogo, umepindishwa na mbinuko wa kioo. Nilisubiri kofi. Akasema tu, "Haya, bosi. Umeshinda," akachukua ufunguo tukaondoka. Njiani alisimama mara mbili akishika kiuno, akasema jua kali.

Kulipopambazuka alishindwa kuinuka kitandani. Majirani walimbeba kwa shuka mpaka kwenye gari. Watu wazima walisema presha. Mimi sikujua presha ni nini, lakini nilijua vizuri nilichofanya jana yake: nilimkata maneno mdomoni. Hakurudi tena.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hadithi hii haieleweki. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mimi ni wa ukoo wa Mama, na Baba alikuwa wa ukoo wa bibi mzaa baba, kule Mlali, chini ya milima. Akifa mtu jina lake haliachwi likazikwa naye. Siku ya kumaliza msiba ukoo wake unakaa, unamchagua mpwa, mtoto wa dada yake, na kumrithisha jina. Anakalishwa kwenye mkeka, anavishwa kitu cha marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye. Wajukuu wanamwita babu, mjane anamtania kama mume, na watoto wa marehemu wanamwita baba. Vitu vya marehemu navyo vinamfuata.

Aliyechaguliwa alikuwa Hamisi, mtoto wa shangazi yangu, kijana mkulima wa nyanya ambaye mpaka juzi yake nilikuwa nikimwita binamu na kumrukia mgongoni. Walimvisha kanzu ya Baba. Ilimpwaya mabegani. Shangazi akatangaza, "Mloka amerudi. Watoto wa Mloka, msalimieni baba yenu." Mtoto wa Mloka nilikuwa mmoja tu. Nilijificha nyuma ya kitenge cha Mama, na watu wakacheka kwa upole, wakasema atazoea.

Walimpa Hamisi baiskeli, redio, saa ya mkononi, mashati, na begi jeusi la zipu ambalo Baba aliweka karatasi zake muhimu. Kompyuta waliiacha. "Hilo dude mwachieni mama wa mtoto apate cha kumshughulisha," alisema Shangazi. Hakuna aliyefungua begi kuangalia kilichomo.

Mama alipomaliza eda yake tulikwenda kufungua duka. Buibui walikuwa wamefunga njia kati ya kaunta na ukuta. Mama alifuta kompyuta kwa kanga, akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ikawaka. Kisha kioo kikabaki cheusi, na juu kabisa pembeni ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza, mweupe, na kijistari kikipepesa chini yake. Mama alizima, akawasha. Mstari uleule. Akanitazama. "Kuna mtu alichezea hii?"

"Hapana, Mama."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Aliitwa fundi Maganga, Mnyamwezi aliyekuja mjini kwetu zamani akaoa na kutulia. Wanyamwezi ni watani zetu, kwa hiyo alianza kutukana kabla hata hajaingia. "Waluguru nyie, mtu hajapoa mmeshagawana mpaka soksi. Hii mmeisahau? Au iliwashinda kubeba mlimani?"

"Tumekuachia wewe," Mama akamjibu. "Tulijua utakuja na njaa yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama akijibu utani tangu msiba. Maganga alifungua ubavu wa mashine kwa bisibisi, vumbi likamwagika. Aliinamisha sikio kama daktari. Akachomoa kipande chembamba chenye meno ya dhahabu, akaniomba kifutio changu cha penseli, akayasugua yale meno mpaka yakang'aa. Akakirudisha. Hakuna. Akachomoa nyaya na kuzichomeka upya, akaipuliza, akaigonga kidogo kwa kiganja. Mstari ule mweupe ukarudi palepale. Nilikuwa nimeshaanza kuuogopa kama jicho.

"Mashine ni nzima," akasema mwishowe. "Roho ndiyo imechanganyikiwa. Inaamka vizuri, halafu haijui iendelee vipi. Faili la kuamkia limepotea. Ilizimwa vibaya hii, au umeme uliikata katikati ya kazi." Hakunitazama, lakini niliona masikio yangu yanaungua. "Nipeni CD zake za kuwekea programu, zile zilizokuja nayo. Nikiziweka zinairudishia kile kilichopotea, vitu vingine vyote vinabaki salama."

Mama alitafuta kwenye droo, juu ya kabati, chini ya karatasi za fotokopi. Alipomaliza alikaa kwenye kiti cha Baba. "Zilikuwa kwenye begi," akasema. "Alizificha humo kwa sababu watu walikuwa wanaziazima na kuzirudisha zimekwaruzwa."

"Basi nina ya kwangu. Lakini ya kwangu haina upole, shemeji. Yenyewe inafuta kila kitu, inapiga upya toka chini. Itakuwa mpya kabisa."

"Itakumbuka vitu vyake?"

"Haitakumbuka hata wewe ni nani. Jina utaipa lilelile ukipenda, ila ndani ni mgeni."

"Usifute," Mama akasema haraka.

Nilijua kwa nini. Baba alipiga picha za mji mzima, na yeye mwenyewe hakuwa na picha. Msibani waliweka kile kijipicha cha kitambulisho, kidogo kama stempu, kila mtu akikiinamia. Lakini siku moja alikuwa amenipa kamera nimpige, mbele ya shuka la bluu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaweka mikono magotini kama walivyokaa wao, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. Picha ile ilikuwa ndani ya mashine. Hatukuwahi kuitoa kwenye karatasi. Kila siku tulisema kesho. Mama alitaka kuikuza na kuitundika sebuleni. Hicho tu ndicho alichotaka kutoka kwenye dude lile.

Hakuweza kuzifuata CD mwenyewe. Vitu vya marehemu vikishagawiwa, mjane akienda kudai hata sindano ukoo unachukulia kwamba amekataa mgawo. Lakini mtoto akiomba kitu kwa baba yake, nani atamlaumu? Mama alinipaka mafuta, akanisuka upya, akanikabidhi kwa jirani yetu, Mama Tausi, aliyekuwa akienda Mlali kununua nyanya za kuuza. "Ukifika umsalimie vizuri. Useme, Shikamoo Baba, nimetumwa CD za kwenye begi. Maneno hayo tu. Sema nisikie."

Nilisema, nikaliruka neno moja. Mama akajifanya hakusikia.

Nataka nieleze kilichokuwa kichwani mwangu, ingawa najua kitaonekana cha ajabu. Tangu Maganga aseme yale maneno, kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Baba na kompyuta nilivizima kwa kidole kimoja, siku moja. Wazee wa Mlali walikuwa na namna yao ya kuwasha watu tena: walichukua jina la Baba, kanzu yake na CD zake, wakavipiga ndani ya Hamisi. Jina lilelile. Swali lilikuwa moja tu, ambalo sikuweza kumuuliza mtu yeyote mjini: walimrudishia kile kilichopotea, vingine vikabaki salama, au walifuta kwanza? Kama Baba alikuwa humo ndani, ningemwita Baba na kumwomba msamaha. Kama walifuta, basi kumwita Baba kungekuwa kubonyeza kitufe cha kukubali, na wa kwangu asingekuwa na mahali pa kurudi.

Mlali ilikuwa imetulia, milima imeegemea juu ya nyumba karibu kuliko mjini, imejifunika. Kwenye bustani moja ya mboga kando ya njia mtu alikuwa ametundika CD kwenye kamba za katani ili kufukuza ndege. Zilikuwa zinazunguka na kumulika, zinazima, zinamulika. Nilisimama nikidhani ni zenyewe, mpaka Mama Tausi akanivuta mkono. "Twende huko, mtoto. Hizo za watu zinakuita?" Aliniacha kwenye uwanja wa Shangazi, akamweleza Hamisi nilichofuata, akaenda kwa wauza nyanya barabarani.

Hamisi alikuwa ametoka shambani. Alikuwa amevaa shati la Baba, lile la mistari lenye doa la wino mfukoni, na doa lilikuwa palepale, juu ya moyo. Akanyanyuka kwenye kigoda. Akatabasamu.

"Shikamoo," nikasema.

"Shikamoo nani?" Shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Shikamoo binamu."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. "Binamu yupi? Mimi hapa sina binamu yako. Huyo ni baba yako. Umefundishwa nini mjini?"

"Mwache, mama," Hamisi akasema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Njoo ukae."

Sikukaa. Nilimsogelea mpaka nikasikia jasho la shamba, harufu ambayo Baba hakuwa nayo. Nikamuuliza kwa sauti ya chini ili Shangazi asisikie, "Uliniambia nini kuhusu kuzima kompyuta?"

Leo najua kwamba Hamisi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amekabidhiwa jina la mtu mzima na mtoto wa mtu mzima, na sasa mtoto huyo anamhoji. Akacheka kwa aibu. "Kompyuta? Mwanangu, mimi hata simu hii ya tochi inanishinda."

Walifuta.

"Ngoja," akasema, "Mama Tausi ameniambia ulichokifuata," akaingia ndani. Nilimwona kwenye giza la mlango akiinama, akivuta kitu uvunguni. Nikawaza anavaa kanzu. Nikawaza akitoka ameivaa nitalazimika kumwita. Nikakimbia.

Mama Tausi alinikuta kando ya matenga yake ya nyanya. "Umepewa?" Nikatazama kule bustanini, vile vimuli vikizunguka juu ya mboga.

"Hazipo. Amezitundika shambani kufukuza ndege."

Nilimwambia Mama vilevile. Alikuwa anakata karatasi kwa mkasi. Mkasi ukasimama. "Kufukuza ndege," akasema. Akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha, "Kufukuza ndege." Hakulia. Kesho yake alimwita Maganga, akamwambia, "Futa."

Nilikaa kwenye kaunta nikaangalia mwanzo hadi mwisho. Kioo kilikuwa cha bluu, na mstari wa njano ukajaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na kila ulipojaa nilijua unapita juu ya Baba: mikono magotini, kifua, kicheko. Ulipomaliza, mashine ilijizima na kujiwasha, ikaimba, ikaleta picha ya kilima cha kijani ambacho hakuna mtu aliyewahi kukilima. Maganga akauliza tuipe jina gani. Mama akasema lilelile. Akaandika Mloka.

Ilifanya kazi miaka mingi, ile mashine. Ndiyo iliyonilipia sekondari. Kila nilipoiwasha iliandika jina la Baba katikati ya kioo na kunikaribisha, na kila mara nilihisi natazamwa na mtu ambaye hanijui.

Chuoni nilijifunza jambo lililoninyima usingizi muhula mzima: Maganga angeweza kuchomoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, akaitoa picha ile bila CD yoyote. Nusu saa tu. Kwa nini hakufanya hivyo? Hakujua? Hakuwa na kompyuta nyingine? Au alimwambia Mama, na Mama akachagua kunituma Mlali kwa sababu kulikuwa na kitu kingine alichotaka nikarudi nacho? Nimeligeuza swali hili mpaka limelainika kama kokoto la mtoni. Mama sijamuuliza. Nikimuuliza hilo, na yeye ataniuliza la kwangu.

Baada ya ile siku ya mapokezi niliomba ruhusa, nikaenda Mlali.

Hamisi sasa ana mvi kidevuni, ana mke na watoto wanne, na ni mwandishi wa kikundi chao cha umwagiliaji. Shangazi alishafariki. Miaka yote hii tumekutana kwenye harusi na misiba, mimi nikisema "shikamoo" na kuishia hapo, yeye akijibu "marahaba, mwanangu" bila kuacha hata mara moja. Alinikaribisha barazani, akaniuliza habari za ajira, nikamwambia bado, akasema itakuja. Nikashindwa kupiga kona zaidi.

"Lile begi bado lipo?"

Hakuuliza lipi. Aliingia ndani, akavuta kitu uvunguni. Mlango uleule, mgongo uleule ukiinama. Safari hii nilikaa. Alitoka na begi jeusi, zipu imeshika kutu, linanuka nondo na mafuta ya taa.

"Siku ile nilikuwa nimekutolea," akasema. "Natoka nje nakuta uwanja mtupu. Nikafikiri umekwenda kunywa maji."

Nikatazama sakafu. "Nilimwambia Mama umezitundika shambani."

"Najua. Mama yako alinigusia kwa mbali, kwenye harusi ya Tausi. Eti ndege wa Mlali wanaogopa kompyuta siku hizi? Nikamwambia ndiyo, mke wangu, wanaziogopa sana."

"Ulimwambia nilivyosema mimi?"

"Sasa ningesemaje? Mashine ilikuwa imeshafutwa. Nimvue nguo mtoto mbele ya mama yake, nipate nini?" Akacheka akijipapasa goti. "Tena nikaogopa atakuja kutembea asione kitu. Nikatafuta CD za muziki zilizoharibika, nikazitundika kwenye nyanya. Msimu mzima. Jirani wananiuliza, Mloka, unafungua disko?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikafungua zipu.

CD zilikuwa mbili, kila moja kwenye bahasha yake nyeupe ya karatasi iliyogeuka njano. Kwenye bahasha ya kwanza kulikuwa na mwandiko wa Baba, herufi kubwa zilizosimama wima kama alivyoandika kwenye vibao vya duka. IKIGOMA KUWAKA, WEKA HII. Chini yake alikuwa amegawa mistari miwili. Wa kwanza uliandikwa UMEME, na mbele yake alama za kalamu, vijiti vilivyofungwa vitano vitano, vingi, vingine vya wino wa bluu, vingine vyeusi. Wa pili uliandikwa ZAI.

Mbele ya jina langu kulikuwa na vijiti vinne.

Mimi nakumbuka mara moja tu. Nimeipitia siku ile moja kwa miaka yote hii, kila dakika yake, na kumbe nilikuwa na mazoea. Mara nne kabla ya hapo mtoto yuleyule aliinama akazima swichi ileile, na mara nne Baba alisema umeshinda, akanipeleka nyumbani nikala, halafu kesho yake asubuhi, mimi nikiwa shuleni, alitoa CD kwenye begi akairudishia mashine kile kilichopotea. Akachora kijiti, akafunga zipu. Nilipokuja mchana ilikuwa inawaka. Hakuwahi kusema neno. Ile ya tano haikuwa mbaya kuliko nyingine. Tofauti ni kwamba aliyekuwa akitengeneza hakurudi kazini.

Nilishika bahasha ile mpaka nikaogopa jasho litafuta wino. Milima ilikuwa imejifunika mpaka chini, na upepo wa mvua ukaanza kugeuza majani ya migomba. Hamisi alikuwa amekaa pembeni yangu, mikono magotini. Mfukoni mwa shati lake, juu ya moyo, palikuwa na kalamu ya kikundi cha umwagiliaji.

"Baba," nikasema, "niazime kalamu."

Alichelewa kidogo kuitoa, kama mtu aliyesahau mfuko wake uko wapi. Wino ulikuwa mzito. Niliijaribu kalamu kwanza kwenye kiganja mpaka wino ukakubali. Kisha nikaweka bahasha juu ya goti, na mbele ya jina langu nikachora kijiti cha tano, kwa mshazari, kikavifunga vile vinne vyote.